Rimoti ya bei nafuu kwa gari lako la RC: anza na risiva

Rimoti iliyokuja na gari lako la RC, yaani gari dogo la kuendeshwa kwa rimoti, imekufa. Au haijafa, ila usukani unavuta kushoto, gari linachelewa kuitika, na likifika mita thelathini hivi linaanza kujiamulia. Umeingia mtandaoni ukakuta rimoti ya dola 30, ya 45, ya 70, zote zina picha nzuri na herufi nyingi zisizoeleweka. Uchukue ipi?

Mimi nimenunua rimoti nne hadi sasa, na mbili kati yake nilizinunua kwa makosa. Mara zote mbili nilitazama kitu kitakachokaa mkononi mwangu, nikasahau kile kitakachokaa ndani ya gari. Rimoti unainunua mara moja ukadumu nayo miaka. Risiva, kile kiboksi ndani ya gari kinachopokea amri za rimoti, unainunua kila unapoongeza gari, kila inapoungua, kila inapoingia maji. Kwa hiyo hapa tunakwenda kinyumenyume: tunaanza kwenye matumbo ya gari, dukani tunafika baadaye.

Hatua ya 1: Vua bodi, uhesabu nyaya

Toa ganda la juu la gari, halafu tafuta servo, yaani kile kiboksi kinachogeuza magurudumu ya mbele. Hesabu nyaya zinazotoka humo.

Zikiwa tatu, habari ni njema. Moja ni nyeusi au ya kahawia (hasi), ya kati nyekundu (chanya), na ya tatu nyeupe au ya rangi ya chungwa (ishara). Zifuate hadi mwisho. Zikiingia kwenye kiboksi kidogo kilichojitegemea, na ukaona plagi nyingine kama hiyo ikitoka kwenye ESC, kile kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, basi kiboksi hicho ndicho risiva. Unakichomoa, unaweka kipya, kazi imekwisha.

Zikiwa tano, funga pochi kwanza. Magari mengi ya bei rahisi kutoka China, ikiwemo WLtoys 12428, yana servo ya namna hiyo. Nyaya mbili ni za kimota kilichomo ndani, tatu ni za kuonyesha usukani umegeuka kiasi gani. Akili ya servo haimo ndani ya servo. Imo kwenye sakiti moja iliyobeba pia risiva na ESC. Rimoti mpya haina pa kushika. Ili uitumie, itabidi ununue servo ya nyaya tatu, ESC na risiva, halafu upige hesabu kama gari lenyewe linastahili gharama hizo. Rimoti yangu ya kwanza ya makosa ndiyo hii: ilikaa kabatini miezi minne ikisubiri gari linaloweza kuzungumza nayo.

Ipo hali ya katikati pia: servo ina nyaya tatu, lakini risiva na ESC zimeunganishwa kwenye sakiti moja. Hapo servo inabaki, unabadilisha sakiti tu. Kwa mota ya brashi wengi huchukua HobbyWing QuicRun 1060, ESC ya ampia 60 inayokubali betri ya LiPo (lithiamu-polima) ya seli 2 au 3. Ni rahisi, ngumu, na haina mambo mengi. Kama plagi ya betri yako haifanani na yake, fundi simu yeyote mwenye kifaa kizuri cha kulehemu atakuuzia dakika kumi za kazi. Mwambie tu asigeuze chanya na hasi, maana ESC haisamehe.

Hatua ya 2: Jua chaneli unazohitaji kweli

Chaneli moja ni jambo moja unaloliamuru. Usukani ni chaneli ya kwanza, mafuta (yaani kasi, hata kama gari ni la umeme) na breki ni ya pili. Gari la mbio au la kuruka vumbi linatosheka na hizo mbili, na ya tatu ukitaka kuwasha taa.

Magari ya kupanda mawe ndiyo yenye uroho: gia ya chini na ya juu, kufunga difu ya mbele, kufunga difu ya nyuma, winchi. Huko chaneli tano au sita zina kazi. Malori ya kipimo cha 1/14 yenye gia tatu nayo yanataka chaneli ya gia, na ukiongeza taa na honi unafika nne au tano upesi. Gari la drifti, la kuteleza kwa makusudi kwenye kona, linahitaji jairo, kihisi kinachosahihisha usukani gari linapoteleza, na jairo nyingi hupenda kupewa chaneli yake ili uweze kuongeza au kupunguza ukali wake ukiwa unaendesha.

Kama huna gari la aina hizo, acha tangazo la chaneli kumi lipite. Ni sawa na kununua basi la Coaster ili umpeleke mtoto shule.

Hatua ya 3: Elewa lugha inayozungumzwa hewani

Kati ya risiva na servo hakuna siri. Risiva inatuma mpigo wa umeme wa kati ya milisekunde 1 na 2. Mpigo wa 1.5 maana yake ni katikati, ukipungua servo inageukia upande huu, ukiongezeka upande ule. Lugha hiyo ni ya zamani na kila kampuni inaifuata, ndiyo maana servo ya kampuni yoyote hufanya kazi na risiva ya kampuni yoyote.

Kati ya rimoti na risiva mambo ni mengine kabisa. Zamani, enzi za megahezi 27, mtu aliangalia rangi ya kristali, kile kidude kilichoamua masafa ya rimoti: kahawia, nyekundu, chungwa, njano, kijani, buluu. Watu wawili wenye kristali ya rangi moja uwanjani ilikuwa ugomvi, maana rimoti moja iliendesha magari mawili. Siku hizi karibu zote ziko kwenye gigahezi 2.4, anga ile ile ya WiFi, na zinarukaruka kutoka masafa hadi masafa kwa mpangilio unaojulikana na rimoti na risiva yake tu. Ugomvi umekwisha, lakini kila kampuni ina mpangilio wake. Risiva ya Radiolink haiwezi kuisikia rimoti ya FlySky, hata zote mbili ziwe zimeandikwa 2.4.

Na hapa ndipo wengi wanapoumia: hata ndani ya kampuni moja lugha ni nyingi. FlySky peke yake ina AFHDS ya zamani (GT3B na ndugu zake), AFHDS 2A (GT5), AFHDS 3 (Noble), na nyingine iitwayo ANT (G7P). Risiva ya moja haioani na rimoti ya nyingine. Rimoti yangu ya pili ya makosa ilitoka hapo. Niliagiza risiva za ziada mbili kwa kusoma jina la kampuni tu, nikangoja wiki tano, zikafika, zikawa hazifai.

Kwa hiyo kabla hujaipenda rimoti yoyote, andika jina kamili la risiva yake, herufi na namba, kisha uitafute peke yake kama vile rimoti hujaiona. Inauzwa? Na wauzaji wangapi? Kwa bei gani? Kwa rimoti za bei nafuu, risiva isiyo na jairo kwa kawaida huwa dola 8 hadi 15, na yenye jairo inakaribia 20. Kwenye majina makubwa ya mashindano, Futaba au Sanwa, risiva moja inaweza kugharimu kuliko rimoti nzima tunayoizungumzia hapa. Ukiwa na magari matatu, zidisha kwa tatu uone. Rimoti ya dola 35 yenye risiva ya 20 inaweza kukugharimu kuliko rimoti ya 45 yenye risiva ya 9. Kisha ongeza risiva moja ya akiba, kwa sababu siku itakayoungua haitakuwa siku ya kuagiza.

Hatua ya 4: Mipangilio isiyokosekana

Tangazo litakupa orodha ndefu. Mimi natafuta vitu vinne tu.

Cha kwanza ni kugeuza upande, kitufe au menyu iliyoandikwa REV. Bila hicho, servo mpya ikiwa imefungwa kinyume utakata kulia gari liende kushoto, na hakuna dawa.

Cha pili ni EPA, kikomo cha mwendo wa servo, na kwangu hiki ndicho kinachotenganisha rimoti na mwanasesere. Usukani wa gari una mahali unapogota. Kama servo inaendelea kusukuma baada ya magurudumu kugota, inalia kwa chini, inapata joto, inakula betri, na siku moja meno ya gia zake yanakatika. EPA inakuwezesha kusema: upande wa kushoto ishia hapa, upande wa kulia ishia pale, kila upande kivyake. Rimoti nyingi rahisi zisizo na skrini zina D/R badala yake, kirungu (kitufe cha kuzungusha) kinachopunguza pande zote mbili kwa pamoja. Inasaidia, lakini kama usukani wako haulingani, na mingi hailingani, upande mmoja utafaidi na mwingine utapungukiwa.

Cha tatu ni kumbukumbu ya magari. Ukiwa na gari moja haina maana. Ukiwa na mawili na rimoti haikumbuki, kila ukibadilisha gari unaanza upya kuzungusha virungu, na utachoka kabla ya Jumapili kwisha.

Cha nne ni failsefu, yaani gari lifanye nini mawimbi yakikatika. Hii nitairudia chini kwa sababu yake.

Kulainisha mwitiko wa usukani, breki za ABS, kuchanganya chaneli kwa magari yanayokata kona kwa magurudumu yote manne: ni mazuri, yatafute kama unajua utayatumia. Mtu anayeanza hatayagusa mwaka mzima.

Hatua ya 5: Mkono na betri

Chukua rimoti yenye umbo la bastola, yenye gurudumu dogo pembeni na kifyatulio. Rimoti za vijiti viwili zimetengenezewa ndege na droni, na nyingi kijiti chake cha mafuta hakirudi katikati kikiachwa. Kwenye gari maana yake ni kwamba ukiangusha rimoti, gari linaendelea na safari.

Karibu zote za bastola za bei nafuu zimejengwa kwa mtu anayeshika kwa kushoto na kuzungusha gurudumu kwa kulia. Wenye mkono wa kushoto wengi huzoea. Zinazoweza kugeuzwa gurudumu zipo, lakini si kwa bei hizi.

Upande wa betri napenda zinazotumia betri ndogo za AA, zile zinazopatikana hata kwenye duka la mangi saa tatu usiku. Angalia idadi tu: GT3B inakula nane, nyingine nne. Ukitumia za kuchaji kumbuka kila moja ni volti 1.2, si 1.5, kwa hiyo nane zinatoa volti 9.6 badala ya 12 na alamu ya betri inaweza kulia mapema kuliko ulivyotarajia. Rimoti yenye betri ya lithiamu ndani ni raha, ila vifurushi vyenye lithiamu havipokelewi na kila msafirishaji, na wakati mwingine ndiyo sababu ya mzigo kuchelewa.

Hatua ya 6: Zinazostahili kutazamwa

Kwa gari moja na mfuko mwembamba kabisa kuna DumboRC X6. Chaneli sita, haina skrini, marekebisho yote ni kwa virungu, na risiva zake zinapatikana za aina mbili: X6F ya kawaida na X6FG yenye jairo. Kwa gari la kupanda mawe, ambako mwendo ni mdogo na chaneli ndizo zinazotakiwa, ni vigumu kuishinda kwa bei.

FlySky GT3B ni mzee wa mtaa. Chaneli tatu, skrini ndogo, kumbukumbu ya magari 10, EPA ya kweli. Umbo lake limepitwa na wakati na plastiki yake haina haya kukuonyesha bei yake, lakini risiva zake ni za bei ya chini na zimejaa sokoni. Mwenye magari matatu ya mbio za uwanjani na bajeti ndogo bado ningempa hii.

FlySky GT5 ni hatua moja juu: chaneli sita, kumbukumbu ya magari 20, na inakuja na risiva ya BS6 yenye jairo ndani. Hii ndiyo niliyonayo sasa. G7P ina chaneli saba na ni mpya zaidi, ila kumbuka lugha yake ni ANT, usijaribu kuilisha risiva za GT5. Upande wa pili wa barabara yuko Radiolink RC4GS, yenye risiva ya R6FG ambayo nayo ina jairo. Kati ya hizo tatu sitagombana na mtu. Chagua ile ambayo risiva zake ni rahisi kupata kwa muuzaji unayemwamini.

Neno moja kuhusu jairo. Inasahihisha usukani nyuma ya gari inapoteleza, na kwenye vumbi au gari lenye nguvu nyingi inasaidia sana. Lakini ikiwekwa upande usio sahihi, inaongeza kuteleza badala ya kupunguza. Ijaribu kwa kulishika gari na kuzungusha mkia wake kulia: magurudumu ya mbele yanapaswa kuelekea kulia pia, kuufuata mkia. Yakienda kushoto, geuza upande wa jairo kabla hujaweka gari chini.

Hatua ya 7: Unapolipa

Hakikisha tangazo linataja rimoti pamoja na risiva, kwa sababu picha huonyesha vyote hata pale unapolipia kimoja. Soma toleo, kwani RC4GS ya zamani na ya baadaye hazina chaneli sawa. Na uliza kodi ya forodha kabla, si baada.

Hatua ya 8: Kuifunga

Chomeka servo ya usukani kwenye chaneli ya 1 na ESC kwenye ya 2. Plagi za aina hii zinaingia hata ukizigeuza, kwa hiyo angalia alama za S, + na - kwenye risiva. Ukikosea usiogope sana: chanya iko katikati pande zote mbili, mara nyingi kitu hakitafanya kazi tu. Risiva haihitaji betri yake, inapata umeme kupitia ESC. Angalia lakini volti ambazo ESC inatoa na zile ambazo risiva inazikubali. Zipo risiva za bei nafuu zenye mwisho kwenye volti 6 na kidogo, na kuna ESC za magari makubwa zinazotoa 7.4.

Kuoanisha rimoti na risiva ni rahisi. Kwenye FlySky za zamani unachomeka plagi fupi yenye waya uliojikunja kama hereni mahali palipoandikwa BIND, unawasha gari, halafu unawasha rimoti huku umebonyeza kitufe cha kuoanisha. Taa ya risiva inayometameta ikitulia, tayari. Chomoa hereni. Kwenye risiva nyingine kuna kitufe cha kubonyeza badala yake.

Rudisha marekebisho yote katikati kabla ya kuwasha ESC, kwa sababu zipo zinazojifunza katikati yao pale zinapowashwa, na 1060 ni mojawapo. Ukitumia rimoti ya Futaba na ESC ya HobbyWing, weka chaneli ya mafuta kwenye REV, vinginevyo itakataa.

Antena sasa. Ule waya mwembamba una ncha ya milimita 31 hivi isiyo na ganda la chuma ndani, na ncha hiyo ndiyo antena yenyewe. Usiikate, usiikunje chini ya betri, usiifunge kwenye chuma. Ipitishe kwenye kimrija chake isimame. Kwa wanaoendesha pwani au msimu wa mvua, ingiza risiva ndani ya puto la watoto na ukaze mdomo kwa kamba ya plastiki. Inachekesha, na inafanya kazi.

Hatua ya 9: Failsefu, kabla ya kitu kingine chochote

Weka gari juu ya tofali, magurudumu yote hewani. Washa rimoti kwanza, kisha gari. Vuta mafuta nusu, magurudumu yakiwa yanazunguka zima rimoti.

Yanapaswa kusimama. Yakiendelea kuzunguka, gari hilo halijawa tayari kugusa ardhi. Kwenye rimoti zenye skrini failsefu iko kwenye menyu. Kwenye nyingine unashika kifyatulio katikati, au kwenye breki kidogo, huku ukibonyeza kitufe kwenye risiva. Rudia jaribio hadi magurudumu yasimame kila mara. Kwa gari la naitro, lenye injini ya mafuta halisi, ni lazima mara mbili, kwa sababu injini haizimiki kwa kukosa ishara.

Mimi niliwahi kuruka hatua hii. Kiwanja cha mpira, jioni, betri za rimoti zimechoka bila mimi kujua. Gari liliondoka kwa mafuta kamili, likapita goli, likapita vijana waliokuwa wakipasha misuli, likaishia kwenye mfereji wa maji machafu. Kijana aliyelitoa aliniambia, "Kaka, hili gari lako lina haraka kuliko wewe." Nilimnunulia soda, nikanunua pia risiva mpya.

Mwisho ni jaribio la umbali. Mpe mtu alishike gari chini, karibu na ardhi kama litakavyokuwa likiendeshwa, halafu rudi nyuma hatua kwa hatua ukigeuza usukani kushoto na kulia bila kugusa mafuta. Anayelishika akikuambia usukani umeanza kusitasita, hesabu hatua ulizopiga na uzigawe kwa mbili. Namba hiyo ndiyo mpaka wako wa kuendesha: iandike kwa kalamu ya kudumu chini ya rimoti, na uipime tena majani yakiwa marefu na yamelowa, maana itapungua.